Siku Maji Yalipohamia Upande wa Pili

Mpaka leo, nikijinyoosha kitandani mchana baada ya kula mtori, na jua likiwa limejificha kama kawaida ya huku kwetu mwezi wa saba, huwa napanda tena ile njia. Naanzia uwanja wa kanisa, napita nyumba ya fundi seremala, naingia kwenye migomba, na miguu yangu haina uzito wowote. Majani ya migomba yananigusa mashavu. Kahawa imeiva, inanukia utamu kidogo. Napanda, napanda, na hakuna anayenipita. Kisha ng'ombe analia bandani, nashtuka, na magoti yangu yanarudi kuwa ya mwanamke wa miaka arobaini na minne anayefundisha darasa la tatu.

Mashindano yenyewe si makubwa. Usifikirie zile mbio za mjini Moshi ambazo watu wanakuja kwa ndege, wamevaa viatu vya rangi ya chungwa na kufunga chupa za maji kiunoni. Haya ni mashindano ya parokia yetu huku Uru, Jumamosi moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wetu. Wanaume wanatangulia, wanawake tunafuata baadaye kidogo. Mnaondoka kanisani, mnapanda mpaka ukingo wa msitu, pale katekista mstaafu amekaa kwenye kigoda akimfunga kila mmoja kitambaa chekundu mkononi, kisha mnashuka. Basi. Kupanda ni kama dakika arobaini kwa mwenye pumzi, na kushuka ni nusu yake kwa asiyeogopa kuvunjika. Lakini huko kupanda! Kuna mahali tunapaita Ngazini, ingawa ngazi yenyewe haipo, ni mizizi tu na udongo mwekundu, na ukipanda hapo pua inakaribia kugusa njia. Hakuna mwenye akili anayeshuka kwa Ngazini. Kushuka tunazunguka kwa njia nyingine, ile inayofuata mfongo.

Mfongo ni mfereji wa maji. Waliuchimba mababu, unaanzia mtoni ndani ya msitu na kuja pole pole ukizunguka mgongo wa mlima, mpaka unaingia kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani ya migomba na kahawa. Kila upande wa kijiji una siku yake ya maji. Nitaurudia mfongo huu, maana bila huo nisingekuwa na la kusimulia.

Mshindi wa wanawake hupewa kitenge na sufuria, lakini sijawahi kumwona mtu anayepanda Ngazini kwa ajili ya sufuria. Kinachotupandisha ni Jumapili yake. Wakati wa matoleo, mshindi ndiye anayetangulia. Anajitwika mkungu mzima wa ndizi, anaingia kwa mlango mkubwa, anapita katikati ya kanisa. Kwaya inaimba, kina mama wanapiga vigelegele, waumini wote wanageuza shingo. Nyuma yake ndipo wanapofuata wengine na mayai yao na maziwa na mahindi, na padri anaupokea mkungu kwa mikono miwili.

Nilikuwa nautaka mkungu ule. Nasema wazi, sioni haya. Niliutaka kuliko nilivyolitaka gauni la harusi, na gauni la harusi nililivaa likaishia lilipoishia. Niliporudi nyumbani na mabegi mawili, baba alinijengea vyumba viwili chini ya kihamba chake na hakuniuliza kitu. Kanisani nikaanza kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na nikakaa hapo miaka kumi na moja. Hakuna aliyenizuia kukaa mbele. Lakini mwanamke akirudi kutoka kwa mume, watu humpisha njia kwa upole fulani, wanavyompisha mgonjwa, na upole ule ulikuwa unanichoma kuliko matusi. Nilitaka siku moja tu nipite katikati ya kanisa, mkungu kichwani, shingo imenyooka, wanitazame mpaka wachoke. Baada ya hapo ningerudi kwenye benchi langu nimetosheka.

Niliifanyia mazoezi siku hiyo kwa miaka mingi, si kwa miguu tu. Nikiwa nasahihisha madaftari ya watoto, kalamu nyekundu mkononi, ghafla nilijikuta mlangoni pa kanisa. Nilijua wimbo utakaoimbwa. Nilijua nitamtazama nani na nani sitamtazama. Mtoto ananiita, mwalimu, mwalimu, nami niko katikati ya kanisa na mkungu wangu, sina haraka.

Aliyekuwa ananikalia njiani ni wifi yangu.

Wifi huyu nilianza naye darasa la kwanza, wote miguu peku. Tangu siku hiyo yeye ndiye wa mbele. Alijua kusoma kabla yangu. Aliruka korongo kabla yangu. Hata kuolewa alitangulia, tena akaolewa na kaka yangu, mlango wa pili kutoka kwetu, nisije nikapata hata siku moja ya kupumzika kuuona mgongo wake. Ni mrefu, mwembamba, ana nyayo pana, na anapanda mlima huku anaongea. Hilo ndilo lililokuwa linanitia uchungu. Mimi nikifika Ngazini naona nyota mchana, yeye anasimulia bei ya pumba.

“Wifi, mbona unapumua kama una ng'ombe wawili kifuani?” ananiuliza bila kugeuka.

“Kimbia huko. Nani kakuita?”

“Mwalimu ana hasira leo. Watoto wamefeli?”

Alikuwa ameshinda mara sita. Mimi nilikuwa wa pili mara nne, na mara nyingine msiniulize. Nampenda, lazima niseme. Ndiye aliyekuja kunipokea siku niliyorudi na mabegi yangu, akabeba moja kichwani, akazungumza njia nzima habari za kuku ili nisipate nafasi ya kulia. Lakini kumpenda mtu hakukuzuii kuchoka kuuona mgongo wake.

Tatizo langu jingine lilikuwa shikamoo. Njia inapita katikati ya vihamba vya watu, na siku ya mashindano wazee wote wanatoka na viti vyao kukaa ukingoni, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka. Huwezi kumpita mzee bila kumwamkia, mashindano au si mashindano. Wifi alikuwa anaamkia huku anakimbia: “Shikamoo babu, shikamoo bibi, shikamooni wote huko!” Marahaba ilimkuta ameshapotea kwenye migomba. Mimi, labda ni ualimu, nikimwamkia mtu nasimama. Nikisimama, bibi anauliza wewe ni wa nani. Nikimwambia, anauliza baba hajambo, na miguu yake je, na yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Mwaka mmoja nilipoteza nafasi ya pili kwa ajili ya ndama.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimejiapiza kwamba ndio wa mwisho. Goti la kushoto lilikuwa limeanza kunisema kila nikishuka, na nesi wa zahanati aliniambia nichague, goti au mlima. Nikamwambia nitachagua baada ya Jumamosi.

Baba yangu ndiye mwenyekiti wa mfongo, kazi isiyo na mshahara na yenye lawama nyingi. Yeye ndiye anayejua zamu ya nani lini, nani amezibua usiku kwa wizi, nani hakuja siku ya kusafisha mfereji. Jumamosi maji huwa ya upande wetu, tangu sijazaliwa. Wiki ile upande wa pili wa korongo walipata msiba siku ya zamu yao, na mtu aliye na msiba hamwagilii. Zamu ikapita, migomba yao ikabaki na kiu. Baba akaona si haki. Akatuma mtu awaambie kwamba Jumamosi yetu wataichukua wao. Upande wetu hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna mtu wa kwetu anayemwagilia siku ya mashindano.

“Nenda ukawageuzie maji,” aliniambia alfajiri, amesimama mlangoni kwangu na fimbo yake. “Mimi goti halitaki.”

“La kwangu nalo halitaki, baba.”

“La kwako linakwenda kukimbia leo. Likitoka huko litakuwa limeshapata moto.”

Nikaenda. Mahali ambapo mfongo unagawanyika ni juu kidogo ya nyumba za mwisho, mkono mmoja unakuja kwetu na mwingine unavuka kwenda upande wa pili. Kila mkono una njia yake ya miguu pembeni. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Nilivua kandambili, nikaingia kwenye maji, na baridi ikanipanda mpaka kiunoni. Nikazibua mkono wao, nikaburuta vipande vya mgomba, nikavipanga kuziba mkono wetu, nikakandika udongo na majani kama baba alivyonifundisha. Maji yalisita kidogo, yakazunguka miguu yangu, kisha yakageuka. Nilipoinua kichwa Kibo ilikuwa imejitokeza, nyeupe, karibu mno, na chini Moshi mjini taa zilikuwa bado zinawaka. Nilisimama pale nusu nimelala, mikono ina matope, nikaona mkungu wa ndizi na mlango mkubwa wa kanisa. Sijui nilisimama muda gani. Baadaye nikavaa kandambili zangu na kurudi kando ya mfereji mtupu, vyura wakiruka kutafuta maji yalikokwenda.

Sikumwambia mtu. Si kwamba nilificha. Haikunijia kwamba ni habari. Wifi tangu alfajiri alikuwa kanisani na kina mama wengine, wanamenya ndizi za sherehe.

Tulianza saa nne. Wanawake tulikuwa tisa, mimi na wifi tukiwa ndio wazee, waliobaki wasichana wa darasa la ushonaji la parokia na mmoja mke wa dereva aliyekuja kwa kujifurahisha. Nilianza kwa kasi nisiyoizoea. Wazee niliwaamkia nikikimbia, Mungu anisamehe, na nyuma yangu nilisikia bibi mmoja anasema kwa Kichagga kwamba yule mwalimu siku hizi amekuwa na kiburi. Ngazini nilishika mizizi kwa mikono miwili. Wifi alikuwa mbele hatua ishirini hivi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasikia amenyamaza. Amechoka! Nilifurahi mpaka nikajikwaa.

Tulipofika ukingo wa msitu, ukungu ulikuwa umeshatukuta. Wanaume walikuwa wamepita zamani, wakati kukiwa bado kweupe. Ukungu wa kwetu haushuki ukauona unashuka. Unageuka kumtazama mwenzako, unakuta mti uliokuwa pale haupo. Katekista alikuwa amejifunika blanketi, ndevu zake zina matone. Alimfunga wifi kitambaa, akanifunga mimi.

“Shukeni na maji, wanangu,” akasema. “Macho hayatawasaidia.”

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa wote tangu utotoni. Ukungu ukikukuta huko juu, tafuta mfongo, usikilize, ushuke nao. Maji yanajua nyumbani. Kwa hiyo tukashuka na maji, yeye mbele, mimi nyuma, hatumwoni yeyote na hatuonani. Sijui nieleze vipi kushuka kule. Nilikuwa sioni miguu yangu. Niliyasikia maji mkono wa kushoto, yanaongea chini chini, na mbele nilisikia nyayo za wifi, pa, pa, pa, na nilikuwa kama mtu anayebebwa. Goti halikuuma. Baridi sikuisikia. Matone yalinidondokea kutoka kwenye miti nisiyoiona, na mara moja ng'ombe alilia mahali fulani hewani, juu ya kichwa changu nadhani, ingawa ng'ombe hawezi kuwa juu ya kichwa. Nilikuwa na furaha. Kama mashindano yangekuwa hayana mwisho, nisingedai mshindi.

Kisha nikasimama.

Miguu ndiyo iliyosimama, akili ilichelewa. Tulikuwa tumefika mfongo unapogawanyika. Nilijua kwa harufu ya udongo niliouchimba mwenyewe asubuhi. Maji yalikuwa yanakwenda, mazuri, yana sauti kubwa, yanakwenda upande wa pili. Na nyayo za wifi zilikuwa zinakwenda nayo.

Wakati huo sikuwaza lolote baya. Nilisimama tu nikisikiliza nyayo zile zinavyozidi kuwa ndogo. Mtu akiifuata njia ile anashuka mpaka korongoni, anatokea kwenye vihamba vya watu wengine, na akitaka kurudi kanisani inabidi avuke mto apande tena. Nikahesabu. Hapo ndipo nilipoanza kuwaza. Mkono wetu wa mfongo ulikuwa hapo kulia kwangu, mkavu, kimya, na njia yake ilikuwa inaniongoza moja kwa moja mpaka kanisani, na mbele yangu hapakuwa na mtu.

Ndipo akaita.

“Huuuu!”

Mtu asiye wa huku labda hajui. Wanawake wa kwetu tunakwenda kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni karibu na msitu, na ukungu ukishuka, aliyepoteza njia anaita hivyo, mara moja, kwa sauti ndefu. Yeyote aliyesikia anaitika. Awe ndugu, awe mtu mliyenuniana miaka miwili, awe mtu usiyemjua. Unaitika kwanza, kununa mtaendelea mkifika nyumbani. Mama yetu alitufundisha kuitika kabla ya kutufundisha ishara ya msalaba. Sijawahi kusikia kwamba mtu aliitwa akanyamaza. Sidhani hata kama tuna neno la kumwita mtu wa namna hiyo.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka ubaridi wa ukungu kwenye ulimi. Nikauona mkungu wa ndizi, nikauona mlango mkubwa, nikaona watu wanageuza shingo, yote kwa wakati mmoja, waziwazi kuliko mti wowote uliokuwa pale. Nikaufunga mdomo.

Akaita tena. Mara ya pili hakupaza sauti. Aliita taratibu, kama mtu anayeita ndani ya nyumba.

“Huuu.”

Nikaweka kiganja mdomoni, nikaingia njia ya kulia, nikashuka.

Ile sehemu iliyobaki huwa siioti. Nilikimbia kando ya mfereji mtupu, na kila kokoto niliyoikanyaga niliisikia. Nilijiambia kwamba haya ni mashindano, kila mtu na masikio yake. Nikajiambia kwamba wifi ni mtu mzima, hawezi kupotea, atakuwa ameshageuka. Nikajiambia kwamba ameshinda mara sita, anataka ngapi? Nilikuwa nabishana na mtu ambaye hakunijibu. Nilipotokea chini ya ukungu, niliona mabati ya kanisa na watu wamejaa uwanjani, nao wakaniona niko peke yangu, na vigelegele vikaanza kabla sijafika getini.

Walininyanyua. Walinivisha kitenge juu ya nguo zilizolowa. Mwenyekiti wa kamati aliutangaza ushindi wangu kwenye kipaza sauti kinachokwaruza, akauliza mwalimu alikuwa ameficha wapi mbio hizo. Nilicheka. Baba alikuwa amekaa na wazee wenzake chini ya turubai. Nilikwenda kumpa mkono.

“Maji uliyapeleka kule, nilivyokuambia?” akauliza.

“Ndiyo, baba.”

Akanitazama. Akatazama njia niliyotokea, kisha akatazama ukungu ulivyofunika kule juu. Hakuuliza lingine. Alichukua kata yake ya mbege akanywa, na tangu siku ile hajawahi kulitaja jambo hilo, na wala halihitaji kutajwa.

Wifi alifika nusu saa baadaye, nyuma ya wasichana. Wote walikuwa wameshuka na maji. Yeye alikuwa wa kwanza kugundua, akawasikia wenzake wanaita nyuma yake kwenye ukungu, akawaitika, akawangoja mmoja mmoja mpaka wakatimia, hata yule mke wa dereva, akawavusha mto. Wakaja wameshikana kanga kwa mstari, na walipofika getini aliwapisha wote wapite, ndipo akapita yeye, kama anavyofanya mama mkubwa wa safari ya kuni. Matope yalikuwa yamempanda mpaka mapajani. Watu waliangua kicheko, naye akacheka nao.

“Maji yametupeleka kwa wenyewe,” akasema. Akaja mpaka nilipo, akanishika mikono miwili. “Hongera, wifi.”

“Asante, wifi,” nikasema.

Jumapili nilijitwika mkungu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyouota, utomvu ukanichuruzikia begani ukaharibu kitenge kipya. Mlango mkubwa ukafunguliwa, kwaya ikaanza, wimbo ukawa ule ule niliokuwa nimeujua miaka yote. Wakageuza shingo. Nilipita katikati yao nikiwa nimenyoosha shingo, na nilichokuwa nakisikia ni kigelegele kimoja kilichoanza kabla ya vingine vyote, kirefu, chembamba, kutoka benchi la nne upande wa wanawake. Nakijua kigelegele cha wifi yangu popote. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ndizi. Padri alipoupokea mkungu aliniambia kimya kimya kwamba nisilie, Mungu ameziona juhudi zangu. Nikarudi kwenye benchi langu, na watu wakanipisha njia kwa heshima, heshima ya kweli safari hii, na sikuweza kumtazama hata mmoja.

Nilikaa na jambo lile siku tisa. Sikula vizuri. Darasani nilimpigia kelele mtoto kwa kosa la mwenzake, nikamwomba radhi mbele ya darasa, wakashangaa. Siku ya kumi tulikwenda kukata majani, mimi na wifi wawili tu, kwenye mteremko ulio juu ya korongo. Kulikuwa na jua. Tulikata mpaka kila mmoja akapata nusu ya mzigo wake.

“Wifi,” nikasema, “nina neno.”

“Najua.”

Akaendelea kukata. Mundu wake ulikuwa unafanya sauti ile ile, shwa, shwa.

“Baba amekuambia?”

“Baba hajaniambia kitu.” Akasimama, akajishika kiuno. “Nilikusikia, wifi. Ulikuwa nyuma yangu tangu msituni, unapumua kama kawaida yako. Halafu ukasimama. Mtu hasimami bure katikati ya mashindano. Nikajua umejua kitu, nami nimepotea. Ndiyo maana niliita.”

“Uliita mara mbili.”

“Ya kwanza niliita kwa ajili ya njia.” Alifuta mundu kwa majani, pole pole, upande huu na upande huu. “Ya pili nilikuwa nimeshajua nitakavyorudi. Nilitaka tu nisikie kama utaniitika.”

Nililia. Si kwa sauti, lakini sikuficha. Nikamwambia nisamehe, wifi, nikamwambia habari za benchi, na mlango, na miaka yote ile, mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu, na nilivyokuwa naongea nikayaona yanakuwa madogo, mkungu wa ndizi tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuja akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu kidogo, kama anavyowafuta watoto wake.

“Nimekusamehe,” akasema. “Nilikusamehe Jumapili ile ile, ungekuwa hujasamehewa usingesikia kigelegele changu. Lakini siku za ukungu, wifi, kwenda majani nitakwenda na wale wasichana.”

Alisema bila hasira, kwa sauti yake ya kila siku. Kisha akaniambia niiname, akanitwika mzigo wangu, nikamtwika wake, na tukapanda nyumbani.